Krismasi ya Uchaggani: Waendao Kuhesabiwa na Wanaobaki



Kila mwaka, ifikapo tarehe 20 Desemba hivi, mwandishi wa habari wa Dar es Salaam hana haja ya kutafuta habari mbali. Aende kituo cha mabasi tu. Zamani ilikuwa Kisutu, baadaye ikawa Ubungo, na tangu mwaka 2021 ni Mbezi. Atamkuta mama amekalia ndoo yenye mfuniko, pembeni yake mfuko wa mchele, na watoto watatu waliovalishwa masweta saa kumi na moja alfajiri katika joto la Dar es Salaam, kwa sababu jioni watateremka penye baridi ya mlimani. Ukiwauliza wanakwenda wapi, utingo atajibu kabla yao: "Hawa wanakwenda kuhesabiwa!" Na watu wote watacheka, pamoja na mama mwenyewe.

Utani huo umezoeleka nchi nzima. Asili yake ni Injili ya Luka, pale Yosefu alipofunga safari kwenda Bethlehemu, mji wa ukoo wake, ili aandikishwe. Wachagga, wanasema watani wetu, hawajaacha kuandikishwa mpaka leo. Nasema watani wetu kwa sababu mimi ni mmoja wa wanaotaniwa. Kwetu ni Vunjo, na kwa miaka mingi nimekuwa nikikaa ndani ya mabasi hayo, magoti yakiwa kidevuni.

Lakini utani huo una ukweli wake. Sensa zote za taifa tangu mwaka 1967 zimefanyika mwezi Agosti. Mwezi huo mwana wa Kilimanjaro anahesabiwa Kariakoo, Mwanza, Mbeya au popote anapofanya kazi na biashara. Desemba anahesabiwa mara ya pili, na safari hii karani ni ukoo wake. Sensa ya kwanza huuliza, "Uliamkia wapi?" Hii ya pili huuliza, "Wewe ni wa nani, na bado upo?"

Leo basi napenda tuulizane: desturi hii imetoka wapi? Wengi wetu tunadhani ni ya kale, kana kwamba mababu zetu walikuwa wakipanda mlima kila Desemba tangu dunia kuumbwa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nami nasema jahazi hili la Desemba lina mafundi wake, na miaka yake inajulikana.

Tuanze na dini. Mwaka 1885 wamisionari wa Kiingereza wa CMS walifungua kituo Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara. Mwaka 1891 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza Kilema, na mwaka 1893 Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, wakaanzia Machame baada ya wale Waingereza kuondoka. Kabla ya hapo Wachagga walikuwa na sadaka na karamu za ukoo, lakini hazikufuata kalenda ya namna hii. Mbuzi alichinjwa palipokuwa na sababu: ugonjwa, ukame, ndoa, au wazee wa ahera wamekumbukwa. Anayetaka kuyasoma hayo kwa Kiswahili atafute kitabu cha Mangi Petro Itosi Marealle, "Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera", kilichotoka mwaka 1947.

Wamisionari walileta tarehe moja kwa wote. Kilichokuwa karamu ya ukoo huu leo na ukoo ule mwezi ujao, kikapata siku inayojulikana Machame mpaka Rombo. Na baadhi yao hawakutaka kuuvunja ukoo. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyefika Uchaggani mwaka 1902 na kuondoka mwaka 1938, alifundisha kwamba kanisa lijengwe juu ya ukoo, ujirani na rika, si juu ya mtu mmoja mmoja. Ndiyo maana hata leo, mtu akitoka ibadani tarehe 25 Desemba, haendi nyumbani kwake moja kwa moja. Anapita kwanza kwa mkubwa wa ukoo.

Lakini dini peke yake haitoshi kueleza msafara ule wa mabasi. Wakristo wako kila mkoa. Kinachowavuta Wachagga ni kitu kiitwacho kihamba.

Kihamba, kwa msikilizaji asiyekijua, ni zaidi ya shamba. Ni ardhi ya nyumbani, migomba juu na kahawa chini yake, maboga na magimbi, zizi la ng'ombe wawili, mfereji wa maji tunaouita mfongo ukipita pembeni, masale yakionyesha mpaka, na makaburi ya wazee humo humo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limekitambua kihamba cha Shimbwe Juu, huko Uru, kuwa ni urithi wa kilimo wa dunia. Sisi tulikuwa tunakitambua tangu zamani kwa jina la nyumbani.

Tatizo la kihamba ni moja: hakinyooki kama mpira. Kwa desturi, kifungua mimba wa kiume hupewa ardhi na baba yake anapooa, na kitinda mimba hubaki na kihamba cha nyumbani pamoja na kuwatunza wazee. Na wale wa katikati? Wajitafutie. Mtaalamu wa Kimarekani, Sally Falk Moore, ambaye alianza kutafiti sheria za mila za Kilimanjaro mwishoni mwa miaka ya 1960 na kutoa kitabu mwaka 1986, alieleza vizuri jinsi wana hawa wa katikati walivyokuwa katika hali ngumu kila ardhi ilipozidi kupungua. Mwaka 1967 mkoa mzima wa Kilimanjaro, pamoja na Upare, ulikuwa na watu zaidi ya 650,000. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 1,861,934. Mlima haukuongezeka hata hatua moja.

Mabinti nao, kwa desturi, hawakupewa kihamba kabisa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, lakini kila Desemba nasikia wazee wakizungumza kana kwamba sheria hiyo haijapanda mlima.

Kwa hiyo tazama sasa. Anayepanda basi pale Mbezi mara nyingi ni mtoto, au mjukuu, wa yule wa katikati. Aliondoka kwa sababu hapakuwa na nafasi. Na anarudi kila mwaka ili isije ikasemwa kwamba hana kwao.

Fundi wa tatu wa jahazi letu ni kahawa. Inasimuliwa kwamba mibuni ya kwanza mlimani ilipandwa na mapadre wa Kilema. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Bwana Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza pale Moshi, aliwahimiza wenyeji kupanda, ingawa walowezi wengi hawakupenda. Mwaka 1925 wakulima wenyewe wakaunda chama chao, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU, chama cha ushirika ambacho jina lake lilijulikana mpaka Ulaya. Fedha ya kahawa ilijenga shule na kulipa ada. Hapo ndipo penye kichekesho cha historia: kahawa ndiyo iliyowapeleka watoto shule, na shule ndiyo iliyowaondoa kwenye kahawa. Karani, mwalimu, mganga, fundi wa reli, wote walipata kazi mbali na nyumbani. Na aliye mbali huhitaji siku ya kurudi. Mwezi wa Desemba shule zimefungwa, mavuno ya kahawa yaliyoanza katikati ya mwaka yanamalizika, na ofisi zinapunguza kazi. Siku hiyo ikawa Krismasi.

Fundi wa nne ni njia. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, enzi za Wajerumani. Mwaka 1963 ilikamilika reli ya kuunganisha njia ya Kati na njia ya Tanga, kutoka Ruvu mpaka Mruazi, na mtu akaweza kupanda gari moshi Dar es Salaam na kushuka Moshi. Mimi nimelipanda nikiwa mtoto, katikati ya miaka ya 1980. Bidhaa zilikuwa adimu. Baba alibeba sabuni za mche, sukari kilo mbili zilizofungwa ndani ya shati, na mikate mitatu ambayo mama alitukataza hata kuinusa. Tulipofika mlimani, bibi aliupokea ule mkate kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga, akaukata vipande vidogo, na kila nyumba ya ukoo ikapata kipande. Nilijifunza siku hiyo kwamba mkate mmoja unaweza kuwalisha watu 30, kama lengo si kushiba.

Usafiri wa abiria kwa reli hiyo ulikufa katika miaka ya 1990, ukafufuliwa Desemba mwaka 2019. Nadhani msikilizaji umeona walichagua mwezi gani. Katikati ya pengo hilo mabasi ndiyo yaliyobeba sikukuu, na barabara zikachukua roho nyingi za waliokuwa wakikimbilia nyumbani. Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku kucha. Ninawaomba madereva, kama tunavyowaomba kila mwaka: tunakwenda kuhesabiwa, tusipunguzwe njiani.

Na huko mlimani kunafanyika nini? Asiyejua hudhani ni kula nyama na kunywa mbege tu. Kula kupo, sikatai. Kuna mtori, kuna kiburu, kuna machalari, kuna kisusio kwa wanaokipenda, na mbege ya ndizi na ulezi huanza kuandaliwa siku kadhaa kabla. Lakini Desemba ni mwezi wa kazi. Makanisani kuna kipaimara, komunio ya kwanza, ubatizo na harusi, mpaka wapambaji na wapiga picha hawalali. Vijijini kuna michango ya barabara, ya zahanati, ya paa la shule. Posa hupelekwa, mahari hujadiliwa, makaburi hufagiliwa na kupakwa chokaa.

Na iko siku moja, mara nyingi kati ya Krismasi na mwaka mpya, ambapo ukoo huchinja. Hapo kila kiungo cha mnyama kina mwenyewe, kwa umri na kwa ujamaa. Mtoto mdogo anayetumwa kupeleka nyama anafundishwa nasaba yake kwa njia ya sahani: huyu mpe hiki, kwa sababu ni mkubwa wa baba yako, yule mpe kile, kwa sababu ni shangazi. Nyama ikiisha kugawanywa, mashauri huanza. Nani amesogeza masale ya mpaka? Nani amekata mti usio wake? Nani hajampeleka mama hospitali? Waliogombana mwaka mzima hupatanishwa, na jani la sale likitolewa kuomba msamaha, ni vigumu sana mtu kulikataa. Hayo ndiyo mahakama yetu ya Desemba. Hayana jengo wala karani, lakini hukumu zake hufika Dar es Salaam kabla ya basi.

Katika miaka ya 1950, wakati Thomas Marealle alipokuwa Mangi Mkuu, iliwekwa Siku ya Wachagga, kwa gwaride na hotuba, ili kuwaunganisha watu wa mlima mzima. Ilikuwa sherehe kubwa. Leo uliza kijana yeyote wa Moshi siku hiyo ni lini, atakutazama tu. Umangi ulikwisha, na siku yake ikaenda nayo. Lakini Krismasi ya nyumbani, ambayo hakuna mtawala aliyeitangaza, ilivuka vita vya Kagera, ikavuka uhaba wa mafuta, ikavuka kuvunjwa kwa vyama vya ushirika mwaka 1976, ikavuka hata kuporomoka kwa bei ya kahawa baada ya mwezi Julai 1989, mkataba wa kimataifa wa kugawana soko ulipovunjika. Ilivuka kwa sababu ilikuwa na kazi ya kufanya.

Sasa, msikilizaji, nifike kwenye jambo lililonifanya nichague mazungumzo haya.

Baba yangu alikuwa mwana wa katikati. Nyumba tunayofikia Desemba imejengwa kwenye kona ya kihamba cha baba mdogo, kitinda mimba, kwa hisani yake. Ni nyumba nzuri ya vyumba vinne na bati la rangi. Inalala watu siku 10 kwa mwaka. Siku nyingine 355 imefungwa, na ufunguo anao baba mdogo. Yeye ndiye anayefungua madirisha isiote ukungu, anayefagia popo, anayefyeka uani wiki moja kabla hatujafika, ili sisi tukishuka kwenye gari tuseme, "Nyumbani ni nyumbani!"

Sikukuu iliyopita, baada ya nyama kugawanywa, baba mdogo hakugusa sehemu yake. Ana miaka zaidi ya 70 na watoto wake wote wako Arusha na Dar es Salaam. Alisimama, akatoa ule ufunguo mfukoni, akauweka juu ya meza mbele yangu.

"Mwanangu," akasema, "huu ufunguo umenichosha."

Nikamwambia, "Baba mdogo, shikamoo tena, kama tumekukosea tusamehe. Tutaongeza kitu kidogo kila mwezi."

"Marahaba. Sikudai fedha. Nakuuliza jambo moja. Mnakuja 40 kula. Tarehe 3 Januari tunabaki wawili, mimi na mama yako mdogo. Mfongo ukiziba, nani anazibua? Nikianguka migombani, nani ananiokota? Na siku nikilala humo," akaonyesha makaburi kwa kidevu, "Desemba hiyo mtamwambia nani kwamba mmefika?"

Hakuna aliyejibu. Mimi ninayelipwa kwa kusema nilitazama chini kama mtoto aliyevunja chungu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiifikiria ile sensa ya ukoo. Tumekuwa tukijihesabu sisi tunaofika: magari mangapi, mbuzi wangapi, nani ameongeza mtoto, nani amebadili kazi. Hatukuwahi kuwahesabu wanaobaki. Na historia niliyokueleza inatufundisha kwamba karamu hii haikuumbwa na waendao peke yao. Kila fundi aliyeijenga, awe padre, mkulima wa kahawa au mjenzi wa reli, alimtegemea mtu mmoja ambaye vitabu havimtaji: yule aliyekuwa nyumbani mlango ulipobishwa. Zamani alikuwepo kwa sababu kihamba kilimlipa. Kahawa ilimpa ada na heshima. Leo mibuni mingi imezeeka au imeng'olewa, kijana anakatiwa kipande kisichotosha kujenga na kulima, naye anapanda basi kama wenzake. Wa katikati aliondoka kwanza. Sasa kitinda mimba naye anafungasha.

Nitaambiwa, "Ndiyo maendeleo, mambo hubadilika." Nakubali. Nimetoka kusema kwamba desturi yenyewe iliundwa, tena katika miaka inayohesabika. Lakini kilichoundwa na watu kinaweza kufa watu wakikitazama, na kinaweza pia kukarabatiwa. Siku ya Wachagga ilikufa ilipokosa kazi. Krismasi yetu nayo, ikibaki nyama na picha tu, haitakuwa na kazi.

Nina mapendekezo matatu, wala si makubwa. La kwanza, kikao cha ukoo cha Desemba hii kianze na anayebaki. Yeye aseme kwanza mwaka ulivyokuwa, kabla sisi hatujaeleza mafanikio yetu. La pili, ardhi iandikwe. Mabinti wanaotaka kukaa na kulima wapewe nafasi, maana sheria iko upande wao, na ukweli ni kwamba katika nyumba nyingi wao ndio wanaowauguza wazee. Bora kihamba chenye binti kuliko kihamba chenye kufuli. La tatu, safari isiwe moja. Anayeweza kupanda mlima Desemba kwa nauli iliyopanda, anaweza kupanda mwezi Juni watoto wakifunga shule, akashika jembe siku nne. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nasi tumekuwa wageni kwetu kwa muda mrefu.

Haya hayawahusu Wachagga peke yao. Mpare, Mmeru, Mhaya, hata yule ndugu yangu wa Tanga anayekwenda kwao Idd, wote wana mzee mmoja anayeshika ufunguo.

Wangu nilimrudishia baba mdogo jioni ile ile, kwa aibu, kwa sababu kesho yake nilikuwa na basi. Aliupokea bila neno, akautia mfukoni. Mwezi Juni nilikwenda peke yangu, nikamkuta anazibua mfongo. Aliponiona alishtuka, akadhani kuna msiba.

Ndugu msikilizaji, tukutane tena juma lijalo. Nawatakia safari njema ninyi mnaokwenda kuhesabiwa. Mkifika, hesabuni na wenyeji wenu. Kwaherini.